Siku Mama Kibali Alipoomba Kibali

Bustani ya manispaa ina mageti mawili, na anayetaka kuingiza kamera ya kazi kwenye lolote kati ya hayo, hana budi kwanza kupita kwa Mama Kibali. Jina hilo alibandikwa na wapiga picha, naye akalipokea bila kinyongo.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya banda la mipira ya kumwagilia. Ana meza, kiti cha wageni kinacholegalega, na muhuri anaoupuliza kabla ya kuupiga, kama mtu anayepoza chai. Ukiwapiga wanao picha kwa simu wakibembea, hayamhusu. Lakini ukija na kamera ya biashara na mataa, atakutoa ofisini, mtembee naye mpaka pale unapotaka kupigia, akuonyeshe kwa kidole: hapa usikanyage, pale pana mche, wazee wa benchi lile usiwahamishe. Ndipo apige muhuri. Wengi humwita mgumu. Wapi! Ni mpole, hata kumsikia lazima uiname. Ila akisema hapana ni hapana, na kabla ya kuisema huwa ameshamwomba Mungu ampe neno lisiloumiza.

Basi mwanawe wa pekee akaoa. Mama Kibali akaomba ruhusa kazini, akashona gauni la zambarau, akajiapia kwamba siku hiyo hataki kusikia habari za vibali. Picha zilikuwa juu ya upande wa bibi harusi, nao walishalipia studio. Kilichomkosesha usingizi ni mkwe wake, mama wa bibi harusi, mwenye duka la vitambaa, mwanamke wa sauti na bangili, ambaye tangu siku ya kwanza alimtazama kama kitambaa kinachochuja. Mama Kibali alitaka jambo moja tu: wapatane, mwanawe asije akaishi katikati ya mama wawili walionuniana.

Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa. Mara mkwe akapanda ngazi za mlangoni, akapiga makofi.

"Jamani! Studio nimeifuta! Picha tunapigia bustanini, kwenye nyasi za katikati. Tuna mama mwenye bustani, kibali cha nini?" Akamkonyeza Mama Kibali. "Sapraizi yako hiyo, mkwe wangu."

Mama Kibali akamwahi mkono. Waliokuwa kwenye nyasi za katikati siku hiyo aliwajua, maana muhuri aliupiga yeye: watu wa tangazo la sabuni ya kufulia, kutwa nzima.

"Mkwe, pale pana watu," akasema. Nani amsikie? Magari yalishawashwa.

Getini mlinzi akatoka mbio, akampigia saluti, kisha akaiona kamera ya mpiga picha wa harusi.

"Hongera mama. Kibali kiko wapi?"

"We kijana, humjui huyu?" mkwe akang'aka.

"Namjua vizuri sana. Ndiye aliyeniambia hata akija yeye mwenyewe na ukoo wake, niulize."

Watu wakacheka. Mkwe hakucheka. Akamsogelea Mama Kibali, safari hii kwa sauti ya chini, iliyochoma kuliko ile ya juu. "Mwambie afungue. Au mwanangu si mtu wa kufunguliwa geti?"

Mama Kibali akafumba macho kidogo. Mwanawe, aliyemjua, akawanyamazisha wenzake.

"Nafasi ile nimeshawapa watu, mkwe," akasema alipoyafumbua. "Kuwatoa siwezi. Kuomba naweza. Nisubirini."

Akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akaingia.

Kwenye nyasi kamba zilikuwa zimefungwa mti kwa mti, mashuka meupe yanapepea. Mwongozaji wa tangazo, jamaa mmoja mwenye ndevu, alishtuka nusura amwage soda yake.

"Mama Kibali! Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, baba. Nimekuja kuomba. Mwanangu kaoa leo, na harusi nzima iko getini haina pa kupigia picha."

Yule jamaa akainuka taratibu, uso unachanua. "Aa, mwombaji! Mwombaji si hutembezwa?" Akamshika mkono, akamzungusha. "Hapa usikanyage, kamba. Pale pana beseni. Mama yule anayefua usimhamishe!"

Wenzake wakaangua kicheko, na Mama Kibali akacheka nao mpaka akajifuta macho.

"Sisi tunakula sasa," jamaa akasema. "Tukimaliza, mtoke. Nawaingiza kwenye kundi langu, kwa kibali changu. Ila sheria ni yako mwenyewe, mama: asiyepigwa picha avae kizibao."

Kweli ilikuwa yake. Kila aliye kazini bustanini huvaa kizibao cha rangi ya chungwa, wapita njia wamtambue. Akarudi getini amekumbatia mzigo wa vizibao, kimoja amekwisha kukivaa juu ya zambarau yake. Mpiga picha akavaa, wajomba wakavaa. Mkwe akakitazama chake, akalitazama gauni lake la dhahabu.

"Mimi? Hiki?"

"Wewe na mimi, mpaka zamu yetu ya kupigwa ifike."

"Mama, vaa bwana," bibi harusi akasema. "Wenzetu wanamaliza kula!"

Mkwe akapitisha mkono wa kwanza. Wa pili ukakwama kwenye bangili, Mama Kibali akamsaidia kuunasua. Walipofika nyasini, maharusi wakazama kati ya mashuka, wakawa wanaonekana na kupotea, wanacheka. Na mkwe, kumbe kizibao kilimpa cheo!

"Shemeji, toka kwenye maua! Wewe mtoto, acha hilo shuka!"

Alipochoka kufoka, akaja kusimama kando ya Mama Kibali.

"Umenitia aibu pale getini."

"Najua. Nisamehe, mkwe."

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira." Kisha vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kizibao cha Mama Kibali, vikapapasa pindo. "Na huyu fundi wenu aliwashonea akiwa usingizini? Jumatatu njoo dukani nikupime. Huwezi kuwatembeza watu na kitu kama hiki."

"Jumatatu niko kazini."

"Basi nitakuja mimi. Au na futi yangu inataka kibali?"