Mlenda wa Uani kwa Bi Anjelina

Mlenda pori haupandwi na mtu. Mbegu zake ndogo nyeusi hulala mchangani kiangazi kizima, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua baadhi tu. Nyingine hubaki chini zikisubiri, maana mvua za kwanza za Dodoma ni kama ahadi za mgombea.

Bi Anjelina alikuwa mjane aliyeishi Nkuhungu, Dodoma, na alijenga huko kabla hakujawa mtaa. Kila mwaka aliacha kona moja ya ua bila kuifagia, mlenda uzae na kukauka wenyewe. Majirani waliohamia kufuata ofisi za serikali waliona ni uvivu. Yeye alisema anafuga mboga.

Mwaka huu koo lilianza kuziba. Hospitali ikataja saratani, ikamrudisha nyumbani. Uji ulimkwama, maziwa yakamrudi. Kilichobaki ni mlenda, ambao huteleza tu bila kuomba ruhusa ya koo. Binti yake, Generosa, akamletea mkavu wa sokoni. Mama akauonja, akasema una mchanga kuliko kaburi. Atasubiri wa uani.

Mvua ikanyesha, kona ikawa kijani. Asubuhi moja Generosa akamwambia mama kwamba majani yamefaa kuchumwa, kisha akatoka kununua magadi ya kupikia.

Aliporudi alikuta akina mama wa mtaa wako uani na majembe. Jenifa, kiongozi wao, akaeleza kwamba wamesikia mgonjwa amezidiwa, wakaona waje kusaidia usafi. Neno msiba hakulitaja mtu. Ila sehemu waliyoilima ilitosha turubai moja kubwa, na magugu walikuwa wameshawapa mbuzi wa jirani, ambao hawakusaza hata jani.

Generosa akawashukuru, maana ndivyo tulivyolelewa.

Ndani, mama alikuwa amegeukia ukutani.

“Wamelima wapi?”

“Kwenye kona, mama.”

“Mwambie Jenifa pale maji hutuama. Watu watakaa kwenye tope.”

Hakuomba chakula tena. Alizikwa wiki hiyohiyo, na mvua ya pili ikanyesha watu wakiwa matangani. Maji yakatuama palepale, waombolezaji wakahamisha viti.

Turubai lilipoondolewa, mbegu zilizokuwa zimebaki chini zikachipua kona nzima, mlenda mnono ambao ua ule haujapata kuuona. Generosa aliuacha hadi ukafaa kuchumwa. Magadi aliyomnunulia mama yalikuwa bado kwenye kifurushi chake, hayajafunguliwa.

Kisha akachukua jembe, akaulima wote, akawaita mbuzi.