Makaron za Bartholomew

Kaka yangu Bartholomew Ochwo hajawahi kumenya ndizi bila kutafuta mtu wa kumtazama akiimenya. Ndivyo alivyo tangu utotoni hapa Petta, kijijini kwetu upande wa Uganda, na kazi ya kupitisha mizigo ya watu mpakani Busia haikumponya. Ilimwongezea kitambi na miwani ya jua tu. Miwani yenyewe anaivaa hata ndani ya nyumba, na akikusalimu anakupa ncha za vidole, mkono mzima amewawekea wateja.

Mwaka huu alianza kuoka. Si mkate, si keki, vitu ambavyo mtu akila anajua amekula. Binti yake Emmy alikuja likizo kutoka Nairobi na kiboksi cha makaron, zile biskuti ndogo za rangi rangi, mbili mbili zimebanwa na krimu katikati. Baba mtu akaonja moja, akafumba macho, na tangu siku hiyo hatukupumua. Alinunua oveni. Alinunua mashine ya kupigia mayai. Akawa anashinda na simu mkononi akiwatazama Wafaransa wakioka, na mvua ikinyesha hataki mlango ufunguliwe, eti unyevu utapasua biskuti zake.

Mkewe Carol, mtu wa Busia ya upande wa Kenya, ni mpole mno, na upole huo umemponza. Aliniambia kwamba makaron inataka ute wa yai peke yake, kwa hiyo viini vyote vinaachiwa yeye na watoto. Asubuhi viini, jioni viini.

"Wifi, siku hizi hata nikipiga mwayo naona njano," aliniambia.

Biskuti hizo hutengenezwa kwa unga wa lozi, na lozi kwetu ni kitu cha kusikia tu. Basi kaka akatumia karanga. Karanga za nani? Za mama. Alikuja na gari akabeba gunia zima, karanga ambazo mimi na mama tulizipalilia, tukazing'oa na kuzianika kwa mikono yetu, akaenda kuzisaga. Asante hakusema. Alisema, "Athieno, nyinyi ngoja tu, mtaona."

Nami nilijua tutaona nini. Bartholomew alitaka mama ahamie kwake Busia, akae katika chumba cha uani, ili shamba lote lipewe watu wa miwa. Baba amezikwa katika shamba hilo. Mimi naishi humo tangu ndoa iliponishinda, na sina pengine pa kwenda. Mama alikuwa akikataa kila mara, lakini kila mara alikataa kwa sauti ndogo zaidi, maana magoti yanamtesa na Bartholomew ndiye kifungua mimba wake. Akibembelezwa vizuri mara moja tu, angekubali. Mimi nilijua hivyo, na yule mwenye miwani alijua pia.

Akachagua Jumapili, baada ya misa. Alikuja na Carol, na maboksi ya makaron yamepangwa kwa rangi ndani ya kibebeo cha barafu, akayateremsha yeye mwenyewe polepole kama anateremsha mgonjwa. Shangazi Kevina, dada yake marehemu baba, alikuwa ameshafika na kukaa karibu na meza tuliyoitoa nje. Huyo hakosi penye kutafuna. Carol hajui Kidhopadhola, lugha yetu, kwa hiyo siku hiyo tuliongea Kiswahili.

Bartholomew alisimama. Kukaa hakuwezi, kunaficha kitambi.

"Mama, hii vitu nimetengeneza na mikono yangu mwenyewe. Hii nyekundu ni ya ukwaju. Hii nyeusi nyeusi ni kahawa ya Mbale. Hii ya njano ni pasheni, na hii iko na simsim juu. Nani mwanaume mwingine hapa Petta anapikia mama yake hivi?"

"Hakuna, baba, hakuna!" akadakia shangazi Kevina, akimvika kilemba cha ukoka huku mkono wake ukiwa tayari kwenye boksi.

"Ukikuja Busia, mama, hii nitapika kila Sunday. Jembe hutashika tena. Mimi mwenyewe nitakulisha."

Mama akatabasamu. Akachukua ile nyekundu, akaigeuza geuza kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Nilimwona anavyomtazama mwanawe, macho yamelegea, na nikajua shamba limeondoka. Nilisikia hasira mpaka masikio yakaniwaka. Tumelima, tumeugua na kuuguzana, halafu mtu anakuja na biskuti mbili anatubeba sote.

"Mzuri sana," mama akasema. "Umetia nini ndani?"

Lo! Swali hilo alikuwa amelingoja tangu anunue oveni.

"Karanga yako mwenyewe, mama! Na sukari. Lakini siri iko kwa ute wa yai. Unapiga, unapiga, mpaka inakuwa povu ngumu, unaweza geuza bakuli juu ya kichwa na haianguki." Akainua bakuli la hewa, akaligeuza juu ya upara wake, akasubiri tupige makofi.

Shangazi Kevina aliacha kutafuna. Alitema kiganjani, akatupa nyuma ya kiti, akajifuta mdomo kwa upindo wa gauni lake la gomesi.

Wanawake wa rika la mama, kwetu, hawali kuku wala yai, ni mwiko. Mama hajala tangu azaliwe, na mimi, kwa hasira ya shamba, ute alioniambia Carol ulikuwa umenitoka kichwani. Wakati tukiwa wadogo hilo halikuwa siri, lilikuwa bahati yetu, kwa sababu kuku wakitaga, fungu la mama lilikuwa la watoto. Na aliyekuwa akilikimbilia wa kwanza, akitusukuma sisi wengine na viwiko, ni nani? Huyu huyu. Amenenepa kwa mayai ambayo mama hakula, na amesahau kwamba mama hayali.

"Mama, hiyo mambo ni ya zamani," akasema, akicheka peke yake. "Siku hizi nani anakataa yai?"

Mama hakukasirika. Heri angekasirika. Aliiweka ile nyekundu kwenye goti.

"Mimi sikatazi mtu yai, Ochwo. Yangu yote nilikupa wewe. Umesema utanilisha. Utanilisha nini?"

"Chakula, mama. Chakula mzuri."

"Chakula gani?"

Bartholomew aliisukuma miwani juu puani. Akamtazama Carol. Carol akatazama viatu vyake.

"Siku utajua mimi nakula nini," mama akasema, "kuja tuongee habari ya kuhama." Akaivunjavunja ile biskuti, akawatupia kuku, nao wakaja mbio wakipigana.

Mimi nilichukua moja ya ukwaju nikala, kusudi anione. Ilikuwa tamu, tena tamu sana, na hilo liliniudhi zaidi. Mtu wa kusimamia povu asubuhi nzima, kumbe subira anayo!

Aliyafunga maboksi yake. Nilimsaidia kubeba hadi garini, si kwa wema, nilitaka kuhakikisha anaondoka. Alipokwisha kuyapanga akainama kwangu na kuninong'oneza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amevua miwani.

"Athieno, kwani mama huwa anakula nini?"

Ningeweza kumwambia. Kwon, yaani ugali, wa wimbi, kunde zilizotiwa simsim, samaki mkavu akipatikana, na chai isiyo na maziwa.

"Kamuulize," nikasema. "Si yule pale?"

Mama alikuwa pale pale kwenye kiti, anapukuta makombo kwenye gomesi, anatutazama. Bartholomew akamwangalia. Kisha akavaa miwani yake, akaingia, akawasha gari.