Kikohozi cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu wa kike haoni tangu kuzaliwa, na anatengeneza magemu. Usicheke. Magemu yake hayana picha, yana sauti tu. Unavaa hedifoni, unatembea kwa masikio. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini bila mimi gemu lile lingekufa.

Alilitoa kwenye maisha yangu. Nilipoolewa hapa Lupepo, mila yetu ilinikataza kuonana na baba mkwe. Nisimtazame, nisitaje jina lake. Natoka mtoni na ndoo kichwani, nikisikia anakuja naingia migombani mpaka apite. Kwenye gemu, mchezaji ndiye huyo mke mgeni. Akikutana na mzee, ameshindwa.

Likizo iliyopita alikuja na wenzake wawili wa chuo, nao hawaoni. Wakajaribu. Mmoja alishindwa mara tano, akavua hedifoni.

"Babu yenu mchawi? Anatokea tu!"

Mjukuu akarekebisha, mzee akawa anakohoa kila hatua. Wakafika nyumbani bila kumwaga tone, wakaanza kuuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Kesho yake asubuhi mimi na mjukuu tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Nalifuta, Bibi. Likiwa gumu wanakasirika, likiwa rahisi wanasinzia. Kazi hii siiwezi. Naacha."

Huyu mtoto alijifunza kupanda mti kabla ya kaka zake. Sikuwahi kumsikia akisema hawezi kitu.

"Acha upumbavu," nikamwambia. "Mzee hakuwa anakohoa ovyo. Alikohoa mara moja, mbali, pale kwenye kona ya mparachichi. Baada ya hapo shauri yako. Mvua ikipiga majani ya migomba husikii miguu, unasikia vyura wamenyamaza. Alinipa nafasi, hakunibeba."

"Kwa hiyo alikuwa anakuonya makusudi?"

Miaka yote hiyo nilimkimbia, sikuwahi kujiuliza.

"Basi nikoholee, Bibi. Kama yeye."

Jina lake sijalitaja mpaka leo, na kaburi lake liko hapo nyuma ya migomba, naliona kila nikianika maharage. Sasa nichukue na koo lake? Lakini mtoto alishaelekeza simu kwangu, anarekodi. Nikakohoa. Mara moja, kikavu, na kale kamluzi kake mwishoni.

Alishinda na kompyuta yake mpaka mchana, ndipo wenzake wakacheza tena. Yule wa babu mchawi akashindwa, akashindwa tena, mwenzake akitaka hedifoni anampiga kiwiko.

"Niache! Nilimsikia, nimechelewa mwenyewe. Narudia!"

Chai ikapoa mbele yao. Mjukuu wangu alisimama mlangoni anacheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Zamu ya Bibi," akasema, akanivisha.

Mvua. Matope. Ndoo inacheza kichwani. Nilikwenda vizuri hadi kwenye kona. Akakohoa. Najua ni mimi niliyekohoa, nakuapia najua, lakini lile halikuwa koo langu. Vyura wakanyamaza.

Nilijikuta nyuma ya mlango, uso ukutani. Hedifoni nilikuwa nimeziacha mezani.

"Bibi? Umekwenda wapi?"

Nilikuwa nangoja apite.