Mthibiti ubora alivyokula zana zangu za kufundishia kwa chapati

Wakuu, habari za mihangaiko. Kisa hiki kimenipata mwenyewe, na kama kina chumvi basi ni ile iliyokuwemo kwenye sufuria. Someni mtanielewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Temeke ndani ndani.

Nilikuwa kwenye mwaka wa majaribio. Kuthibitishwa kwangu kazini kulisubiri somo moja ambalo mthibiti ubora, yule tuliyekuwa tukimwita mkaguzi, angekuja kuliona.

Nikachagua sayansi darasa la tatu, kuota kwa mbegu. Kuchora ubaoni sikutaka. Watoto ni zaidi ya mia, kila mmoja alileta maharage matatu kutoka kwao, tukayatandaza kwenye beseni juu ya kitambaa chenye maji.

Sasa shule yetu ina zamu mbili. Mchana darasani kwangu wanaingia watoto wengine, ukiacha hata chaki huikuti. Nikahifadhi beseni jikoni.

Mpishi wetu, Mama Zuhura, alikuwa na msiba Kigamboni wiki hiyo, walimu tunakunywa chai kavu. Kila asubuhi watoto wanakwenda kuyajulia hali maharage yao kama wagonjwa wodini.

Siku ya mgeni, Mama Zuhura akarudi. Mie kumwambia, nikasahau.

Saa nne chai ikaja na chapati na maharage ya nazi. Mthibiti akaongeza. Aibu zangu, na mimi niliongeza.

Nikaenda kuchukua beseni. Limeoshwa, limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo mama. Yale maharage ya humu?"

"Marahaba mwanangu. Si ndo mlokula? Nimekuta mtu kayaloweka kayasahau mpaka yameota, nikasema yasije yakaharibika bure."

Wakuu, nilikaa kwenye ndoo nikalia kidogo. Mwaka mzima wa kazi umeliwa, tena na mimi nimo.

Nikaingia darasani, nikasema ukweli mbele ya wote, mthibiti na mwalimu mkuu wakiwemo.

Akasimama Saumu, kadogo ka dawati la mbele, akamgeukia mgeni.

"Shikamoo babu. Langu lilikuwa na mkia mrefu kuliko yote. Ulivyokula hukuliona?"

Mthibiti akakohoa. Mwalimu mkuu akaangalia dari.

"Marahaba," mthibiti akaitikia. "Hebu nieleze, huo mkia ulianzaje?"

Saumu akachukua chaki. Kwanza likavimba. Halafu ganda likapasuka. Halafu mkia ukatoka, ukaangalia chini. Wenzake wanamsahihisha kwa kelele, "Siyo hapo, pale penye kovu!" Hakuna aliyefungua daftari.

Nilifurahi sana.

Ripoti ninayo hadi leo: "Wanafunzi wamelielewa somo. Zana zilikuwa nzuri, ila chumvi ilipungua." Nikathibitishwa.

Nilichojifunza: mtoto akishakishika kitu kwa mkono wake, hata watu wazima wakikila, kichwani kwake kinabaki. Na jikoni kwa mtu usiache kitu bila kuaga.

Walimu na wazazi mliomo humu, zana zenu ziliwahi kuishia wapi? Tupeni visa, na wa kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Leo nimepeleka jikoni mahindi ya somo la wiki ijayo. Mama Zuhura kanizuia mlangoni, mkono kiunoni:

"Mwalimu, hilo somo au mboga?"