Kopo Lisilo na Karatasi

Nakumbuka beseni, Mwanangu. Beseni la bluu lililopasuka ukingoni, nami nimechuchumaa mbele yake juu ya boti ya mizigo itokayo Kigoma, mikono imelowa hadi viwiko, nabandua karatasi kwenye makopo. Nimesikia unataka kuuza virutubisho, hivyo vya kuongeza nguvu na damu na sijui nini tena, unaviagiza kwa simu kutoka kila nchi inayotuzunguka. Sikukatazi. Nikukataze vipi, mimi niliyeifanya kazi hiyo kabla mama yako hajaolewa? Kaa tu unisikilize.

Tulikuwa wawili, mimi na Faida. Mimi binti wa Kiislamu wa hapahapa Bujumbura, yeye Mkristo, kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka. Tulipanga chumba kimoja mtaani Cibitoke. Mimi nilileta mzigo kutoka Kigoma na kuushusha bandarini, yeye akauvusha kwa barabara na kuuza kwao. Akirudi tulinunua mukeke mmoja, tukala kwenye sahani moja, na kichwa cha samaki kilikuwa chake. Hatukuwahi kulijadili jambo hilo. Alikinyonya hadi macho, huku akinicheka kwamba naogopa miiba kama mtoto anayeota meno.

Sasa usikie ujinga wetu. Kopo letu la poda, Kigoma liliuzwa kama chakula cha nyongeza, na karatasi yake ilieleza yote, hata nani asilitumie. Likifika bandarini hapa, mtu wa duane, yaani forodha, akiyaona yale maneno ya mwili na damu alisema hii ni dawa, leta kibali. Kule Uvira wateja wa Faida hawakutaka chakula, walitaka dawa, na sisi hakuna aliyetuuliza lolote. Kopo ni lilelile. Nchi moja chakula, nchi nyingine dawa, nchi ya tatu linapita tu kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Basi wanawake wote wa boti ile tulikuwa na ufundi wetu. Tunachota maji ya ziwa, tunaloweka makopo, tunabandua karatasi, halafu gundi tunaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Tunaimba, tunataniana, na karatasi zinaelea nyuma ya boti. Milima ya Bujumbura ikianza kuonekana, makopo yote yalikuwa meupe. Wakituuliza, tunajibu kwamba ni unga wa uji.

Bandarini alikuwepo deklara mmoja, mzee aliyetutolea mizigo, Mzee Rajabu. Siku moja akaokota kopo langu, akaligeuza.

"We mutoto, hii kopo ilikuwa na maneno. Umeyatupa wapi?"

"Ziwani, Mzee. Samaki wanayasoma."

Hakucheka. "Kama hujui sheria inataka nini, enda Kigobe kwenye maofisi, uulize. Watakusumbua, ndiyo. Lakini mupaka ni ya serikali. Damu ya mutu haina mupaka."

Nikasema moyoni, mzee huyu anatafuta soda. Ujana, Mwanangu, ni kusikia kwa sikio moja.

Karatasi moja sikuitupa. Nilifungia heleni zangu, nikaiweka kabatini. Nilikuwa nimeisoma, nisikudanganye. Iliandikwa kwa Kiswahili kisafi kwamba mwenye shinikizo la damu asitumie poda hii, maana ndani yake mna mzizi fulani unaolipandisha. Nilielewa kabisa. Hiyo ni tansiyo, basi. Nikajiambia kwamba wagonjwa wana madaktari wao, na mimi si mmoja wao.

Adhuhuri moja Faida akaingia ghafla kutoka Uvira, viatu vimejaa vumbi, na wala hakuketi.

"Dada, Mama ameanguka. Mukono moja haisogei, mudomo umepinda. Daktari anauliza alikuwa anakula nini, nikamupelekea kopo yetu. Anaigeuza, anaigeuza, haina neno hata moja. We ndiye unasomaga zile makaratasi. Waliandika nini?"

Mama yake alikuwa mgonjwa wa tansiyo tangu zamani. Nilijua. Nilikuwa nimelala nyumbani kwake, nimekula chakula cha mkono wake, na vidonge vyake niliviona juu ya meza. Na kumbe Faida aliacha agizo kwamba kila asubuhi apewe vijiko viwili vya poda yetu, ili mama apate nguvu.

Kabati lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Nikaogopa. Niliogopa duane, niliogopa polisi, lakini zaidi ya yote niliogopa uso wa Faida utakavyobadilika. Nikamwambia, "Ni unga, dada. Unga tu."

"Kweli?"

"Kweli."

Akanishukuru, Mwanangu. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Kisha akaomba kopo lingine, maana mama alikuwa dhaifu na alitaka kumpikia uji wa nguvu palepale hospitalini. Nikampa. Nililifunga mwenyewe kwenye kitenge ili lisimpasukie njiani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mwenzangu. Siku ya tatu nikaenda bandarini bila shughuli yoyote, Mzee Rajabu akaniona nimekaa juu ya gunia. Alipouliza nina nini, nikamweleza yote, kopo, karatasi, uji.

"Barabara ya Uvira iko wazi. Unangoja nini?"

"Ataniacha, Mzee."

"Ndiyo, atakuacha. Enda."

Nilichukua karatasi ile nikaenda. Pale mpakani Gatumba nilisimama foleni huku nikiibana kifuani kama mtu aliyebeba moto. Daktari aliisoma akiwa amesimama, akaenda mwenyewe kitandani, akaondoa kikombe cha uji. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba angeipata siku ile ya kwanza, angejua la kufanya mapema. Mama alinusurika kifo, lakini ulimi haukurudi. Aliishi masika mawili bila kutamka hata jina la binti yake.

Faida aliisoma karatasi polepole, kidole kikifuata mistari. Alikuwa anasoma kwa shida. Akaikunja.

"Siku tatu," akasema. "Nimemunywesha kwa mukono yangu, siku tatu."

Nilitamani anitukane. Angenitukana, ningelia, tungelia pamoja, labda yangeisha. Badala yake akanisindikiza hadi lango la hospitali kama anavyosindikizwa mgeni, akaniambia safari njema, akageuka. Nilisimama pale nikimtazama mgongo mpaka akaingia ndani. Nilimpenda yule mtu. Sijapata mwingine.

Chumba cha Cibitoke alituma mtu achukue vitu vyake. Baadaye nikasikia amehamia mji wa Baraka, kusini mwa Uvira. Nimetuma salamu kwa wafanyabiashara miaka na miaka, na salamu zinarudi, za adabu tupu, salamu za mtu na jirani yake wa mbali. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata leo nikipika mukeke nakata kichwa nakiweka pembeni ya sahani, na watoto wa nyumba hii wamezoea, wanadhani Bibi hapendi vichwa.

Basi nasaha yangu ni hii, Mwanangu. Sheria za majirani zetu hazifanani. Nasikia wakubwa wanakaa pamoja waziandike ziwe moja, inshallah wafike, lakini wewe usiwasubiri. Kabla hujanunua mzigo, uliza nchi utokako, uliza na nchi uendako, kitu hiki huku kinaitwaje, kinataka kibali gani. Wakikwambia apana, ni apana, tafuta biashara nyingine, vitenge havijaisha duniani. Karatasi ya kopo usiibandue, hata ikikuchelewesha wiki nzima bandarini, maana ile ndiyo sauti ya kopo mbele ya mgonjwa. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, atakapokuja mtu kukuuliza ndani mna nini, fungua kabati saa ileile. Mimi lilinishinda kwa hatua tatu.

Mungu akufungulie njia za halali, akupe mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe rafiki wa sahani moja, na akuzeeshe naye. Na biashara yako ikikufikisha Baraka, ukamkuta bibi mmoja anaitwa Faida, usimwombe anisamehe, hilo ni langu. Mwambie tu kwamba kichwa cha mukeke bado nakiweka.