Pango la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizaliwa ndani ya pango. Mwezi wa Agosti nilimpeleka kulitafuta, nikapiga hema, nikanyeshewa, nikalala ndani ya gari, na mpaka leo sijui kama mahali aliposimama ndipo penyewe.

Yeye ni mtu wa Mlima Elgon. Alipozaliwa, kwao bado waliishi mapangoni na ng'ombe wao. Dada yake mkubwa, wa mwisho aliyekuwa na umri wa kukumbuka maisha hayo, tulimzika mwaka jana. Tangu matanga yale mama akawa na neno moja: anataka kusimama pale kitovu chake kilipofukiwa, kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Alama aliyoachiwa na mama yake ni jiwe la sakafuni lenye shimo la kusagia wimbi, upande wa kushoto, chini ya ukuta mweusi kwa masizi.

Siku hizi pango ni la watalii. Kuna kibao, choo cha mabati, uwanja wa mahema, na bwana mmoja wa makamo mwenye tochi na hotuba.

Tatizo lilikuwa mimi. Mimi ni Mbukusu wa Kamukuywa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaketi chini ya paa moja. Nilikuwa nimempigia mjomba kuuliza habari ya gari, akasema gari ni safari, si nyumba, mradi nisimwangalie. Kwa hiyo mama alikaa nyuma yangu, nami nikageuza kioo cha ndani kitazame dari. Nimepita Kitale siku ya soko bila kujua nini kinanifuata.

"Siku trafiki akikusimamisha," mke wangu alisema kando yangu, "utamwambia ni mila?"

Tulipofika na kupiga mahema mawili, bwana wa tochi alianza hotuba yake pale pale mlangoni. Mlango wenyewe ni mdomo mpana wa mwamba, maji yanadondoka juu yake kama pazia, na ndani kunanuka popo.

"Karibuni. Hapa waliishi watu wa kale, ambao hata nguo hawakujua."

"Mtu wa kale ni mimi," mama alisema. "Na nguo nilikuwa nayo."

Bwana alimtazama, akakohoa, akaanza tena kutoka "Karibuni." Ni wale ambao ukiwakatiza hawawezi kuendelea katikati.

Mama akamgeukia binti yake. "Mwambie mkwe aingie. Kwetu wakwe wote walilala humu. Ng'ombe walikuwa katikati."

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake nikitazama kichaka. Nikampigia mjomba tena.

"Liko na paa?" akauliza.

"Liko."

"Na mlango?"

"Mdomo tu, mlango hakuna."

"Watu walilala ndani?"

"Huyu mama alizaliwa ndani."

"Sasa hiyo si ni nyumba ya mama yake, bana. Kaa nje."

Basi nimeendesha kutoka Bungoma nusu siku nzima ili nikae nje. Nilimwandikia mke wangu karatasi: upande gani, hatua ngapi kutoka mlangoni, ukuta una rangi gani, piga picha. Akaisoma akacheka, akaitia mfukoni, na nilijua haitatoka humo.

Walikaa ndani kitambo. Mvua ikaja, ile ya mlimani isiyotoa taarifa. Bwana wa tochi alitokeza kichwa. "Mzee, ingia bana, utaloa."

"Siwezi."

"Unaogopa popo?"

Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi. Nikakimbilia gari, na kutoka huko nikatazama hema langu, nililoliacha wazi lipate hewa, likijaa maji. Hema la mama lilikuwa salama. Nilikuwa nimempa sehemu ya juu, kwa heshima.

Walipotoka, mke wangu alisema, "Tumeliona."

"Hatujaliona," mama akasema.

"Mama, si kulikuwa na shimo?"

"Mashimo ni mengi. Lile lilikuwa kulia. Na huyu bwana anasema yote yamechimbwa na ndovu wakitafuta chumvi."

Nikaomba picha. Zilikuwa saba, sita za giza na moja ya kidole cha mke wangu. Kisha simu yake ikazima, na mahali pa kuichajia hapakuwepo. Wao wakalala kwenye hema kavu, mimi nikajikunja kwenye kiti cha dereva.

Asubuhi, mama akiwa nje anaota moto, nikaona nafasi. Niliingia peke yangu na yule bwana. Alianza "Karibuni," nikamwacha amalize. Hatua arobaini na mbili kutoka mdomoni, upande wa kulia, kulikuwa na jiwe bapa lenye shimo. Nikatia ngumi, likanikaa sawasawa, laini kama bakuli. Ndovu hasagi. Ukuta wa juu yake ulikuwa mweusi, nikaupangusa, kidole kikatoka na masizi.

Upande wa kulia, lakini. Nikachuchumaa kama mtu anayesaga. Mwangaza unatoka mlangoni, na mwanamke anayesaga atataka kuelekea kwenye mwangaza. Nilipogeuka kuelekea nje, ukuta ule ulikuwa kushoto kwangu.

Nilitoka karibu nikimbie. Mke wangu alikuwa anasugua sufuria. "Muulize mama, kushoto kwa anayeingia au kwa aliyeketi akitazama nje?"

"Muulize mwenyewe. Anakusikia."

Nikauliza kichaka. Mama akajibu sufuria: "Mwambie mkwe nilikuwa mtoto mchanga. Aliyejua tulimzika." Akasogeza kuni motoni. "Yeye ameona moja?"

"Ameona."

"Basi anionyeshe."

Akashika fimbo yake akainuka, mke wangu akaazima tochi ya yule bwana. Jana ilikuwa imemchosha, nikaona magoti yake yalivyovimba, ingawa sikupaswa kuangalia. Hapakuwa na safari nyingine baada ya hiyo. Nilijaribu kumpigia mjomba, mtandao ukakataa, na bila mjomba sikuthubutu. Nikasimama mdomoni mwa pango, mgongo kwa mwamba, nikapaza sauti: "Hatua arobaini na mbili! Kulia!"

Nilimsikia mke wangu akihesabu kwa sauti, polepole, na fimbo ikigonga. Wakafika arobaini na mbili, wakasimama. Mama alisema kitu kwa lugha yao, kirefu, sauti ya chini. Alipotoka alikuwa amefunga udongo kwenye ncha ya leso, na hakutaka kuulizwa.

Tulikuwa tumefika Kibomet tukirudi, kioo bado kinatazama dari, nilipokumbuka kwamba hatua zangu si hatua zake. Mwanamke wa magoti yale hupiga nusu ya hatua yangu. Nilimuuliza mke wangu kama pale waliposimama palikuwa na jiwe. Akasema mama alimwambia azime tochi.

Udongo ule sasa uko kwenye kopo la majani chai. Kama una masizi, basi alisimama karibu na ule ukuta, na ningejua kwa kuutazama udongo huo tu. Lakini kopo liko jikoni kwake, na huko siwezi kuingia.