Tulichobakiza

Mwanangu, utakapojua kusoma, ujue kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, na hata leo sijaielewa yote. Ilikuwa mwaka 2017, ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa kijana mwenye haya, mlinzi wa geti katika nyumba ya wageni huku Observatory, mtaa wa mlimani hapa Johannesburg.

Alifikia pale mama mmoja mzee, Mwojibwe, wa watu waliokuwa Amerika tangu kabla Wazungu hawajafika. Siku hiyo aliniona nimeshika simu, uso umenishuka. Akatoa tumbaku kidogo ndani ya kitambaa chekundu, akaninyooshea. Kanisani kwetu tumbaku ni dhambi. Nikaficha mikono mgongoni.

"Si ya kuvuta," akasema, sauti yake kali kidogo. "Nataka kukuuliza jambo lako. Kwetu hatuchukui maneno ya mtu kwa mikono mitupu."

Nikaipokea bila kujua niiweke wapi, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. Baba mdogo alikuwa amepiga simu kutoka kwetu Kalemie, Kongo. Watu wa machimbo walitaka shamba letu la kando ya ziwa, ambalo upande wake mmoja ni mawe matupu. Marehemu baba aliniachia mimi, kwa hiyo walingoja neno langu, na jioni ile baba mdogo angepiga tena. Mama yangu, bibi yako, alilima muhogo pale, na njia yake ya kwenda kuchota maji ilipita katikati.

Yule mama akanipa habari za kwao. Wazee wake waliiachia serikali kuu ya Amerika nchi kubwa sana kwa mkataba, lakini walisema wazi wanabakiza nini: maeneo ya kuishi, na haki ya kuvua na kuvuna mpunga wa mwitu unaoota ziwani, hata katika nchi waliyoiachia.

"Watu husema serikali ilitupatia maeneo yale," akasema. "Haikutupatia. Tulibakiza."

Nikadhani nimeelewa. Kisha akasema sehemu kubwa ya ardhi hiyo waliyoibakiza inashikwa na serikali kwa niaba yao. Nikachanganyikiwa tena. Nikamwonyesha funguo zangu, nikamuuliza kama ni hivi, kama mimi ninavyoshika nyumba ya mwingine.

Akacheka. "Mwenye nyumba akipiga honi, unafungua?"

"Nafungua, mama."

"Sisi tumepiga honi miaka mingi."

Jioni baba mdogo akapiga. Mbele yake nilikuwa mtu wa ndiyo tu. Safari hii nikasema kwamba wachukue upande wa mawe, lakini muhogo wa mama na njia ya maji hatuvitoi.

"Eh, Joburg imekufungua mdomo," akasema, lakini ujumbe aliufikisha. Bibi yako bado anapita pale. Wakati mwingine hukuta njia imezibwa, nami hupiga simu tena.

Sijui kama nilifanya vizuri kuutoa ule upande wa mawe. Sijui bado inakuwaje mtu akushikie kilicho chako. Ila mtu akikuomba kitu kikubwa, mwanangu, usimjibu kabla hujasema kwa sauti unabakiza nini. Kisha endelea kukisema, maana watu husahau upesi. Mungu akupe sauti niliyochelewa kuipata mimi, na kila ukipiga honi kwenye geti lako, ufunguliwe.